Amri ya Mkuu wa Timu na Amri ya Barabara



Katika jeshi na katika polisi, amri si jambo la kujadiliwa njiani. Amri hutolewa, hupokelewa, hutekelezwa, na taarifa hurudi kwa aliyeitoa. Kwa hiyo habari ya dereva wa mbio za magari aliyeambiwa na mkuu wake apunguze mwendo ili mwenzake ashinde, inapowafikia wasikilizaji wetu walio zamu, ama hupokewa kama jambo la kawaida kabisa, ama huwaudhi kuliko inavyowaudhi raia. Anayeiona ya kawaida husema kwamba timu ni timu na mkuu ni mkuu. Anayeudhika husema kwamba aliyeamriwa kushindwa hakushindwa. Mazungumzo yetu ya leo yanaitazama hoja hiyo kwa njia ya historia, na hasa historia ya mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Humo tunaweza kuona waziwazi ni wakati gani amri ya timu huua msisimko wa mbio, na ni wakati gani amri hiyo huwa karatasi tupu.

Yafaa kwanza tueleze namna rali inavyoendeshwa. Katika mbio za uwanjani magari yote huondoka pamoja, na mtazamaji huona kwa macho yake nani amempita nani. Katika rali magari huondoka moja moja, kwa kupishana dakika, na kila dereva hushindana na saa. Huenda yule wa kwanza na yule wa pili katika matokeo wasionane njiani siku nzima. Kwa sababu hiyo, dereva aliyeamriwa kumwachia mwenzake hana haja ya kusimama kando ya njia mbele ya watu. Hupunguza mwendo kidogo mahali pasipo na mtu, au huchelewa kwa makusudi kuripoti katika kituo cha ukaguzi, akaandikiwa adhabu ya muda. Ushindi huhama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine mezani, kwa kalamu ya mwenye saa. Mwanakijiji aliyesimama kutwa nzima kwenye vumbi ili aone nani mwenye kasi zaidi, hajui kwamba swali lake limekwisha kujibiwa na mtu asiyekuwa dereva.

Sasa tuitazame barabara yenyewe. Wasikilizaji wetu walio Gatumba, magharibi ya mji wa Bujumbura, karibu na mpaka wa Kongo, hawahitaji kufundishwa kwamba barabara nayo hutoa amri. Katika bonde la Rusizi nchi ni tambarare, na siku ya jua gari hutoka Bujumbura likafika kwenye kituo cha mpaka bila dereva kutoa jasho. Lakini mwezi Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, maji yakaingia katika nyumba za watu, na maelfu wakahama. Na katika miaka iliyofuata, hata ule wa 2024, maji ya mto na ya Ziwa Tanganyika yalirudi tena na tena. Katika siku kama hizo mkuu wa msafara anaweza kupanga kwenye karatasi lori lipi litangulie na lipi lifuate. Maji ndiyo yanayoamua lipi lipite. Tunaitaja Gatumba kwa sababu mashindano ya Safari katika miaka yake ya kwanza yalifanana na barabara hiyo wakati wa mafuriko, ila yalikwenda hivyo kwa maelfu ya kilomita.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi tatu zilizokuwa chini ya utawala wa Waingereza wakati huo. Baadaye yakawekwa wakati wa Pasaka, yaani majira ya masika, mvua zinapoanza kuugeuza udongo mweusi kuwa gundi. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na mabasi, malori, ng'ombe na twiga, usiku na mchana, na muda aliopewa kutoka kituo kimoja hadi kingine ulikuwa mfupi kiasi kwamba aghalabu hakuna aliyeweza kuutimiza.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hii tena yakamaliza 7. Katika miaka hiyo miwili aliyeshinda alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, akiendesha Peugeot 404. Hebu tujiulize mkuu wa timu angetoa amri gani katika hali hiyo. Amwambie nani ampishe nani, ikiwa gari la kwanza limezama katika tope, la pili limevunjika ekseli, na la tatu halijulikani liko wapi tangu usiku wa manane? Amri inahitaji mtu wa kuipokea. Katika Safari ya zamani wapokeaji wengi walikuwa wamelala ndani ya magari yaliyokwama, wakisubiri wanavijiji waje na kamba.

Zaidi ya hayo, washindi wengi wa zama zile hawakuwa na mkuu. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa gari la Volvo PV544 ambalo tayari lilikuwa limekwisha kutumika. Waliwashinda waliowafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Takwimu hiyo yafaa ikumbukwe, kwa maana tutairudia. Tofauti ya saa moja na nusu haifutiki kwa amri ya mtu yeyote. Hata kama angekuwapo mkurugenzi kutoka Ulaya mwenye redio na cheo, angemwambia Joginder asimame wapi, na kwa muda gani, bila nchi nzima kumcheka?

Mambo yalianza kubadilika viwanda vilipoona kwamba gari lililoshinda Safari huuzika. Peugeot, Ford, Datsun, na baadaye Mitsubishi na Toyota, vilileta magari mengi, mafundi wengi na fedha nyingi. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort, alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Mwaka uliofuata, 1973, Safari iliingizwa katika mashindano mapya ya ubingwa wa dunia wa rali. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau, nalo ndilo mzizi wa maneno yote haya: ubingwa huo ulikuwa wa viwanda. Taji la ubingwa wa dunia la madereva halikuwapo mpaka mwaka 1979. Ikiwa taji ni la kiwanda, basi dereva ni mfanyakazi, na mfanyakazi huelekezwa.

Lakini hata wakati huo barabara za Afrika Mashariki hazikuwa tayari kuelekezwa. Katika Safari ya mwaka 1973 magari mawili ya Datsun yalimaliza yakiwa na adhabu zilizolingana sawasawa, moja la Shekhar Mehta na jingine la Harry Källström wa Sweden. Ilibidi kanuni ya kuamua sare itumike, na ushindi ukampata Mehta. Anayepanga matokeo hapangi sare. Mehta mwenyewe alikuwa na sababu ya kujua uzito wa amri kuliko madereva wengi. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, na alipata makazi Kenya baada ya Idi Amin kutangaza mwezi Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke nchini katika siku 90. Miezi minane tu baada ya tangazo hilo alikuwa bingwa wa Safari. Alikuja kuyashinda mashindano hayo mara tano kwa jumla, nne kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na idadi hiyo haijafikiwa na mtu mwingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa amri ya timu unatoka Italia, ingawa mwisho wake uko Nairobi. Mwaka 1976, katika rali ya Sanremo, timu ya Lancia ilikuwa na madereva wawili mbele, Björn Waldegård wa Sweden na Sandro Munari wa Italia. Wote waliendesha Lancia Stratos. Ilipobaki hatua moja ya mwisho, Waldegård aliongoza kwa sekunde 4. Mkuu wa timu, Cesare Fiorio, hakupenda kuona Munari, kipenzi cha Waitalia, akianza hatua hiyo akiwa nyuma. Waldegård akaagizwa azuie gari lake kwenye mstari wa kuondokea kwa sekunde 4, ili wawili hao wawe sawa, na hatua ya mwisho iamue.

Ndugu askari, naomba muitafakari amri hiyo kwa jicho la kazi yenu. Haikumwambia Waldegård ashindwe. Ilimnyang'anya alichokuwa amekipata kwa halali, kisha ikamwachia njia. Waldegård alitii. Alisubiri sekunde 4 kama alivyoagizwa, hakupunguza wala kuongeza, kisha akaendesha gari kwa nguvu zake zote, akamshinda Munari katika hatua hiyo kwa sekunde zilezile 4. Amri ilitekelezwa kikamilifu, na mshindi akabaki kuwa mshindi. Nionavyo mimi, hakuna kisa katika historia ya mchezo huu kinachoonyesha utii na ujeuri vikikaa ndani ya mtu mmoja kwa amani kiasi hicho.

Hakukaa tena na Lancia. Alikwenda Ford, na wakati wa Pasaka ya mwaka 1977, katika mvua zilizokuwa kali mno hata kwa desturi ya Safari, Waldegård na msaidizi wake Hans Thorszelius walishinda mashindano hayo kwa Ford Escort. Rauno Aaltonen wa Finland alikuwa wa pili kwa Datsun. Munari, yule aliyependelewa Sanremo, alikuwa wa tatu kwa Lancia Stratos. Katika tope lile hapakuwa na mstari wa kuondokea ambapo mtu angeambiwa asubiri sekunde 4, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyehesabu kwa sekunde. Walihesabu kwa dakika, na wengine kwa saa.

Mwaka 1979 ulileta mtihani mwingine, nao ulikuwa hapahapa Afrika. Rali ya mwisho ya msimu ilikuwa ya Ivory Coast, na waliogombea taji la kwanza la madereva walikuwa Waldegård na Mikkola. Wote wawili walikuwa wakiendesha Mercedes katika rali hiyo, chini ya mkuu mmoja. Mikkola alishinda, Waldegård akawa wa pili, na hesabu ilipofanywa Waldegård alikuwa bingwa wa dunia kwa alama 112 dhidi ya 111.

Haiwezekani kuzungumzia amri bila kuzungumzia mawasiliano. Askari wa mawasiliano watanielewa. Kadiri miaka ya 1980 ilivyosonga, timu kubwa zilizokuja Kenya zilirusha ndege ndogo na helikopta juu ya magari yao. Kazi yake ilikuwa kumwonya dereva juu ya ng'ombe na malori, kupeleka vipuri, na kupokezana habari kwa redio. Mkuu aliyekuwa akisubiri hotelini Nairobi bila kujua kitu, sasa aliweza kujua baada ya dakika chache nani yuko wapi na gari lake lina hali gani. Wakati huohuo magari yakawa imara zaidi. Mwaka 1987 Audi ilichukua nafasi mbili za kwanza, Mikkola akiwa mbele ya Walter Röhrl. Mwaka 1993 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza zote: Juha Kankkunen, Markku Alén, Ian Duncan wa Kenya, na Yasuhiro Iwashita. Hatudai kwamba nafasi hizo zilipangwa. Tunasema tu kwamba kwa mara ya kwanza zingeweza kupangwa, kwa kuwa mkuu wa timu sasa alikuwa na magari mengi yaliyo hai, na sauti ya kuyafikia.

Huko Ulaya jambo hilo lilikuwa limekwisha kukomaa. Mwaka 1995, katika rali ya Catalunya nchini Hispania, timu ya Subaru chini ya David Richards iliongoza kwa madereva wake wawili, Carlos Sainz wa Hispania na Colin McRae wa Scotland. Timu iliamuru nafasi zisiguswe, Sainz abaki mbele. McRae hakukubali, alikimbia, akampita kwa saa. Mwishowe alipokea adhabu ya muda katika kituo cha ukaguzi, na Sainz akatangazwa mshindi mbele ya watu wa nchi yake. Wawili hao wakaenda katika rali ya mwisho, ile ya Uingereza, wakiwa na alama sawa. McRae alishinda huko, akawa bingwa wa dunia. Miaka miwili baadaye alishinda Safari kwa gari la timu ileile, akaishinda tena mwaka 1999 na mwaka 2002 akiwa na Ford.

Haki inatudai tuseme neno kwa upande wa wakuu. Kuna amri ya kushikilia nafasi, na kuna amri ya kubadilishana nafasi, na watu huzichanganya. Ya kwanza inafanana na agizo la kikosi kilichokwisha kuteka kilima kwamba kisiendelee kumfukuza adui msituni na kupoteza watu bure. Madereva wawili wa timu moja wakigombania ushindi katika kilomita za mwisho, mmoja akapindua gari, jasho la mafundi wa mwaka mzima linapotea. Amri hiyo hupoza mbio, ni kweli, lakini haisemi uongo: aliye mbele yuko mbele kwa sababu alitangulia. Ya pili ni mambo mengine. Humtoa aliye mbele na kumweka aliye nyuma, kisha huwaita watu wapige makofi. Watu wa mbio za uwanjani waliliona hilo huko Austria mwaka 2002, Rubens Barrichello alipomwachia Michael Schumacher ushindi mita chache kabla ya mwisho, wote wakiwa katika Ferrari. Wasimamizi wa mbio hizo wakapiga marufuku amri za timu kuanzia mwaka 2003, na marufuku hiyo ikaondolewa kabla ya msimu wa 2011, kwa sababu amri ilikuwa imejifunza kusemwa kwa mafumbo. Katika rali, mwaka huohuo wa 2011, Citroën ilimzuia Sébastien Ogier asimshambulie Sébastien Loeb nchini Ujerumani. Loeb akapata pancha. Ogier akashinda rali hiyo, na mwisho wa mwaka akaondoka kwenye timu.

Tukitazama mifano hii kwa pamoja, tunaona kwamba amri ya timu ina nguvu pale tu ambapo tofauti kati ya madereva ni ndogo kiasi cha kuweza kufutwa. Sekunde 4 za Sanremo zilifutika. Saa moja na nusu ya Joginder Singh isingefutika. Kwa hiyo anayelalamika kwamba msisimko umepungua asimlaumu mkuu wa timu peke yake. Autazame pia urefu wa njia. Safari ya miaka ya 1970 ilizidi kilomita 5000 katika barabara zilizo wazi. Iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kutokuwamo tangu 2002, ikiwa na makao yake Naivasha, hatua zinazopimwa kwa saa zilikuwa takriban kilomita 320 tu, katika njia zilizofungwa, na tofauti zikahesabiwa kwa sehemu za sekunde. Wapo wanaoona kwamba mabadiliko hayo yameleta usalama, na ni kweli. Polisi wa Kenya waliosimama kwenye njia panda za zamani, magari ya mashindano yakipita katikati ya mabasi ya abiria, wasingependa zama zile zirudi. Lakini hapohapo ndipo mkuu wa timu alipopata uwezo ambao barabara ilimnyima kwa miaka mingi.

Hofu hiyo ilipata kipimo chake mapema. Mwaka 2022 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza huko Naivasha, kama ilivyofanya mwaka 1993, na mwaka 2023 ikazichukua tena. Katika mwaka huo wa 2023 Ogier, aliyekuwa sasa dereva wa Toyota, alishiriki baadhi ya rali tu na hakuwa akiwania taji la dunia. Aliyemfuata kwa karibu alikuwa Kalle Rovanperä wa timu hiyohiyo, aliyekuwa akiongoza msimamo wa ubingwa na ambaye kila alama ilikuwa na faida kwake. Hesabu ya mezani ingesema Ogier aachie. Kuchelewa kituoni dakika moja huadhibiwa kwa sekunde 10, na tofauti kati yao mwisho wa rali ilikuwa sekunde 6.7. Sekunde hizo hazikufutwa, na Ogier ndiye aliyepanda jukwaani kwanza.